MFUKO USIWE MZITO KULIKO MAJANI



Mwezi hadi mwezi ukurasa huu husema juu ya mishahara, saa za kazi, likizo na barua za kuachishwa. Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni uzito wa programu zinazowekwa katika kompyuta tunazofanyia kazi. Twaomba msilipite mbio. Jambo hili limekwisha kuingia katika mishahara na saa za kazi, na hivi karibuni limeingia katika barua ya kuachishwa.

Mwenzetu mmoja ni karani katika ofisi upande wa Nyamira. Ofisi hiyo hatutaitaja, kwa maana shauri limekwisha na hatutaki kulifufua. Mama huyu amefanya kazi ya ukarani miaka mingi, na mkono wake juu ya vitufe ni mwepesi kama mkono wa mchuma chai. Siku moja alipewa barua ya kumtaka aeleze kwa nini asichukuliwe hatua, kwa sababu kazi yake ni ya polepole na watu wapanga foleni mbele ya dirisha lake. Alilia, kisha akaja kwetu. Alifanya vema kuja.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema kwamba tajiri akitaka kumwachisha mtu kwa sababu ya kazi mbaya, lazima amweleze sababu hizo kwa lugha anayoielewa, na mfanya kazi aweza kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama chumbani wakati wa maelezo. Basi mwakilishi wetu alikwenda. Hakutoa hotuba. Alimwomba bwana mkubwa jambo moja tu: akae katika kiti cha karani, awashe mashine, aandike barua moja ya ukurasa mmoja na kuipiga chapa.

Bwana mkubwa alikubali, akicheka. Aliwasha mashine saa mbili na dakika tano. Saa mbili na dakika kumi na tisa ndipo ukurasa mweupe wa kuandikia ulipofunguka. Alipoanza kuandika, herufi zilikuja nyuma ya vidole vyake, moja moja, kama watu washukao matatu iliyojaa. Katikati ya barua kioo kiliganda. Hapo hakucheka tena. Barua ya kumlaumu karani ilirudishwa siku ile ile.

Twashukuru kwa hayo. Lakini hatukurudi nyumbani kwa furaha kamili, maana mashine ilibaki pale pale. Tena twajua ya kuwa katika Kisii na Nyamira wako makarani, walimu, wauguzi, waweka hesabu wa viwanda vya chai na vijana wa saiba wengi sana ambao huonekana wavivu kwa sababu hiyo hiyo, na hawana aliyemketisha bwana mkubwa katika kiti chao.

MASHINE ILIKUWA NA UGONJWA GANI?

Fundi aliitazama mashine ile mbele yetu. Haikuwa imevunjika. Ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 4. Kabla karani hajafungua kazi yake yo yote, zaidi ya gigabaiti tatu na nusu zilikuwa zimekwisha kuliwa. Nani alizila? Palikuwa na programu ya mikutano iliyojiwasha yenyewe, ingawa hapakuwa na mkutano. Palikuwa na programu ya kupeleka mafaili mawinguni. Palikuwa na kikinga virusi. Palikuwa na kijidirisha cha habari na hali ya hewa, kama kwamba mtu wa Nyamira hawezi kutazama mawingu ya jioni akajua mvua yaja. Na palikuwa na kivinjari kilichobaki macho nyuma ya pazia hata baada ya kufungwa.

Kwa wale wasiofanya kazi ya kompyuta, tueleze kwa mfano. Kumbukumbu ya kompyuta ni meza ya karani, na diski ni ghala. Kazi hufanyika juu ya meza. Meza ikiwa na nafasi, karani hunyosha mkono na kuchukua karatasi. Meza ikijaa vitu vya watu wengine, kila mara hana budi kubeba karatasi moja kuipeleka ghalani ili apate mahali pa kuweka nyingine, kisha kuirudia ile ya kwanza. Mchana kutwa yuko njiani kati ya meza na ghala. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Kumbukumbu ikijaa, huhamisha mambo kwenda diski na kuyarudisha, na diski ya zamani, ile izungukayo, ni ya polepole sana ikilinganishwa na kumbukumbu. Prosesa yenyewe, ambayo ndiyo akili ya mashine, hukaa ikingoja. Kwa hiyo mtu aonapo mashine imeganda, mara nyingi haikushindwa na kazi yake. Imeshindwa na mizigo ambayo hakuiweka yeye.

MARA ELFU MOJA

Tutazame hesabu. Windows 95, iliyotoka mwaka 1995, iliweza kuendeshwa kwa kumbukumbu ya megabaiti 4. Windows XP ya mwaka 2001 ilitaka megabaiti 64 kwa uchache. Windows 7 ya mwaka 2009 ilitaka gigabaiti 1. Windows 11 ya mwaka 2021 yataka gigabaiti 4, na kila mtu aitumiaye ajua kwamba gigabaiti 4 ni kumfungulia mlango tu. Kazi yataka 8. Kutoka megabaiti 4 hadi gigabaiti 4 ni mara elfu moja na zaidi.

Sasa twauliza: je, barua ya kuomba likizo imekuwa na maneno mara elfu moja? Daftari la mahudhurio la shule lina majina mara elfu moja? Kilo za majani ya chai zimekuwa ngumu kujumlisha mara elfu moja? Barua ni ile ile, na kujumlisha ni kule kule. Mtu aliyeandika barua kwa kompyuta mwaka 1998 aliiandika kwa muda ule ule tuiandikao leo, na mara nyingine kwa upesi zaidi.

Mkulima wa chai wa Nyansiongo au Ogembo afahamu neno hili bila kufundishwa. Apelekapo majani kituoni, mfuko nao una uzito, na uzito wa mfuko hutolewa, kwa sababu kiwanda hakinunui mfuko. Mfuko ni wa kubebea tu. Lakini programu za siku hizi nyingi zimekuwa mfuko ulio mzito kuliko majani, na wala hapana anayeutoa uzito huo. Mbebaji ni mfanya kazi.

Jambo hili si siri yetu sisi watu wa milimani. Mwaka 1995 mtaalamu mkubwa wa kompyuta wa Uswisi, Bwana Niklaus Wirth, aliyefariki Januari 2024, aliandika makala ya kuomba programu nyembamba. Alisema kwamba programu zazidi kuwa nzito kwa upesi kuliko mashine zinavyozidi kuwa na nguvu. Yaani kila nguvu mpya inayotiwa katika mashine huliwa kabla mtumiaji hajaionja. Imepita miaka zaidi ya 30 na maneno yake yangali kweli.

KWA NINI HUFANYIKA HIVI?

Wengi hudhani ya kuwa waandishi wa programu ni watu wabaya. La. Wengi wao ni wafanya kazi kama sisi, nao hukimbizwa na matajiri wao. Sababu ni nyingine.

Kwanza, mwandishi wa programu hufanya kazi kwa mashine mpya yenye kumbukumbu nyingi. Kwake programu yaruka. Haoni mashine ya Keroka ambayo iliwahi kutumika Ulaya miaka sita kabla ya kuletwa kwetu kama mtumba.

Pili, kuna njia za mkato. Tangu mwaka 2013 kuna chombo kiitwacho Electron, kilichotengenezwa na kampuni ya GitHub. Kwa chombo hicho, mtu huandika programu moja na kuiendesha katika kila aina ya kompyuta. Ni msaada mkubwa kwa mwandishi. Lakini kila programu ya namna hiyo hubeba ndani yake kivinjari kizima. Ukiwasha programu tatu, umewasha vivinjari vitatu, mbali na kile chako cha kawaida. Ni kama jirani watatu waendao kisimani, kila mmoja akivuta punda wake na gari lake, ingawa wote wachota ndoo moja moja.

Tatu, na hili ndilo kubwa, anayepoteza kumbukumbu siye anayeilipia. Kampuni ikiokoa miezi miwili ya kuandika programu kwa uangalifu, faida ni yake. Hasara haikupotea, ilihama tu. Ilipanda ndege ikaja kuketi katika kiti cha karani, ikawa dakika za kungoja, bili ya umeme, betri inayokwisha mapema, na mwisho ikawa barua ya lawama.

Ushahidi upo kwamba sehemu ya uzito huo haikuwa ya lazima. Mwezi wa Machi 2023 kampuni ya Microsoft ilitangaza toleo jipya la programu yake ya mikutano, Teams, ikasema kwamba lina upesi hata mara mbili na latumia kumbukumbu hata nusu tu ya toleo la zamani. Twaipongeza kwa kupunguza. Lakini mfanya kazi ana haki ya kuuliza: ikiwa nusu iliweza kuondolewa na mikutano ikaendelea, nusu hiyo ilikuwa ya nini miaka yote ile?

Haifai kusema upande mmoja tu. Uzito mwingine una sababu njema. Programu za leo hulinda siri kuliko za zamani. Huandika lugha nyingi za dunia. Humsomea kipofu maneno yaliyo kwenye kioo. Hukumbuka kazi yako umeme ukikatika, na hapa kwetu umeme hukatika. Hatudai kurudi mwaka 1995. Twadai kwamba kila mzigo uwe na sababu, na kwamba sababu hiyo iwe ya mtumiaji.

MASHINE NZIMA ZATUPWA

Taabu hii ilizidi tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya bure ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Aliyetaka kuhamia Windows 11 aliambiwa kwamba mashine yake lazima iwe na kitu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa iliyo katika orodha ya kampuni. Prosesa nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 hazimo. Hata mwaka 2023 watafiti wa soko wa Canalys walikuwa wamekisia kwamba kompyuta milioni 240 duniani zingeweza kuwa takataka kwa sababu hiyo. Mashine hizo zawaka na kuandika. Nyingi ndizo zilizo katika shule zetu, katika zahanati, na katika vibanda vya saiba kutoka Suneka hadi Ikonge.

Tuangalie yaliyotokea Ulaya, maana lina somo kwa chama. Kampuni ilitangaza kwamba watu wa kawaida waweza kupata marekebisho ya usalama ya mwaka mmoja zaidi, mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, kwa kulipa dola 30 au kwa kutimiza masharti mengine, kama kuhifadhi mipangilio yao katika akaunti ya kampuni. Vyama vya walaji vya Ulaya, vilivyoungana chini ya jina Euroconsumers, vililalamika. Mwezi wa Septemba 2025 kampuni ilikubali kuwapa watu wa nchi za Ulaya mwaka huo bure, bila kulipa na bila sharti la kuhifadhi mipangilio. Sisi wa Afrika tulibaki na masharti yale ya kwanza.

Ndugu zangu, Mzungu yule hakupewa kwa sababu mashine yake ni ya zamani kuliko yetu. Alipewa kwa sababu alikuwa na chama kilichosema kwa sauti moja. Asiyesema hana haki.

Na mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya kumbukumbu za kompyuta ilipanda sana duniani, kwa sababu viwanda vilielekeza nguvu kwenye majumba makubwa ya akili bandia. Kwa hiyo wakati ule ule tulipoambiwa mashine zetu ni ndogo, dawa ya kuzikuza ilipanda bei. Aliyeambiwa anunue nyingine akauliza: kwa mshahara upi?

NANI ALIPA HAPA KWETU?

Tufanye hesabu ya karani mmoja, na kila mtu aijaribu kwa mashine yake. Tuseme apoteza dakika 20 kila siku akingoja mashine kuwaka, kufungua na kuganduka. Kwa siku 22 za kazi ni dakika 440, yaani saa saba na dakika ishirini. Kwa mwaka ni saa 88, sawa na siku 11 za kazi za saa nane. Ofisi yenye makarani kumi imepoteza siku 110. Bwana mkubwa aliyekataa kununua kumbukumbu ya kuongezea amekubali kupoteza siku 110, na halafu humtafuta wa kulaumu.

Kijana wa saiba ni mbaya zaidi, kwa maana wengi hawana mshahara kamili bali hulipwa kwa kadiri ya wateja. Ikifika mwisho wa mwezi wa Juni, watu wajaza foleni kuwasilisha hesabu za kodi kwa KRA kabla ya tarehe 30. Wakati mwingine ni wanafunzi waombao nafasi za vyuo kwa KUCCPS, au mikopo kwa HELB. Mashine ikiganda, mteja huenda duka la pili. Kijana amepoteza senti yake ya siku, na mwenye duka asema kijana hana bidii.

Mwalimu naye hujaza alama na majina ya watoto usiku, kwa kompyuta yake mwenyewe na kwa bando lake mwenyewe. Programu ikijifanyia marekebisho ya mamia ya megabaiti usiku huo, bando limekwisha, na kazi ya Serikali haijatumwa. Muuguzi wa zahanati ana mgonjwa mbele yake na kioo kilichoganda kando yake. Mgonjwa haelewi habari za kumbukumbu. Aona nesi ambaye hamsikilizi.

Haya yote ni mambo ya kazi, na kwa hiyo ni mambo ya chama. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya hali nzuri ya kazi. Jembe bovu ni hali mbaya ya kazi. Kompyuta iliyoshindwa na programu zake ni jembe bovu.

WEPESI WAWEZEKANA

Wako watakaosema kwamba dunia imekwenda mbele na mambo mapya lazima yawe mazito. Twawajibu kwa kitu kilicho mfukoni mwao. Mwaka 2007, mwezi wa Machi, Safaricom ilianzisha M-Pesa. Ilifanya kazi katika simu ndogo ya vitufe, kwa menyu iliyowekwa katika kadi ya simu, ambayo kumbukumbu yake huhesabiwa kwa kilobaiti. Mama mwuza ndizi wa Soko la Daraja Mbili hakuambiwa anunue simu kubwa kwanza. Walioitengeneza walijua mtu wao ni nani na ana simu gani, wakaanzia hapo. Fedha za nchi nzima zikapita katika mlango ule mwembamba.

Mfano mwingine. Programu za ofisi za LibreOffice, ambazo ni bure, zataka kumbukumbu ya megabaiti 256 kwa uchache. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ina matoleo yanayofufua mashine za zamani. Toleo la Mint lataka gigabaiti 2 kwa uchache. Wala mambo haya si ya kigeni kwa lugha yetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa programu za ofisi zilizosema Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice.

Na hapa kwetu tuna mafundi wa Tabaka. Fundi wa jiwe la sabuni huuza anachobakiza baada ya kuondoa kisichohitajika. Akiacha jiwe zima na kulipaka rangi, hakuna wa kumwita fundi. Twawaambia vijana wetu wanaosoma kompyuta Chuo Kikuu cha Kisii na Kisii National Polytechnic: chongeni. Kabla ya kusema programu imekwisha, iendesheni kwa mashine mbovu kuliko zote mjini. Ikitembea hapo, itatembea popote.

CHAMA CHATAKA NINI?

Twataka matajiri wote, wa Serikali za kaunti, wa viwanda, wa shule na wa maduka, wakubali mambo haya:

1. Mfanya kazi asilaumiwe kwa upole wa kazi kabla mashine yake haijapimwa mbele ya mwakilishi wake.

2. Mshahara usikatwe kwa sababu ya mashine. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira chataja makato yanayoruhusiwa, na kungoja kompyuta hakumo. Mali ikiharibika, kukatwa kunakubaliwa tu ikiwa mfanya kazi alifanya makusudi.

3. Kabla ya kununua programu yo yote, ijaribiwe siku kadhaa katika mashine ya zamani kuliko zote ofisini, na waitumiao waulizwe. Mnunuzi aionaye katika mashine mpya ya mwuzaji hajaiona.

4. Mashine nzima isitupwe kabla haijajaribiwa kuongezewa kumbukumbu na kuwekewa diski isiyozunguka. Mara nyingi mambo hayo mawili huirudishia ujana wake. Duniani mwaka 2022 takataka za vyombo vya umeme zilifika tani milioni 62, na chini ya robo yake ndizo zilizojulikana kukusanywa na kushughulikiwa kwa njia nzuri. Tusiongeze za bure.

5. Ofisi ikihamia programu nyingine, kama LibreOffice au Linux, mafunzo yatolewe katika saa za kazi zenye malipo. Kumtupia karani programu mpya Ijumaa na kumdai kazi Jumatatu ni dhuluma ile ile kwa sura nyingine.

6. Tovuti za Serikali zitumiwazo na umma zijengwe ziwe nyepesi, zifunguke katika simu ndogo na kompyuta ya zamani. Raia wa Magombo alipa kodi sawa na wa Nairobi.

NASI TUFANYE NINI?

Tusingoje yote kutoka juu. Kila mwanachama atumiaye kompyuta achukue daftari, na kwa wiki moja aandike: saa aliyowasha mashine, saa iliyokuwa tayari, mara ngapi iliganda na kwa dakika ngapi. Lalamiko bila hesabu hupeperushwa. Hesabu iliyoandikwa kwa mkono na kutiwa tarehe hukaa mezani.

Pili, ijueni mashine. Katika Windows, bonyezeni pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Mtaona orodha ya programu na kiasi cha kumbukumbu ambacho kila moja yala. Zile zinazojiwasha asubuhi bila kuitwa zaweza kuzuiwa zisijiwashe. Lakini angalieni: kikinga virusi na marekebisho ya usalama msiyazime. Mashine yenye majina ya wagonjwa au mishahara ya watu ikivamiwa, hasara itakuwa kubwa kuliko dakika 20, na lawama itarudi kwa yule yule karani. Kama mashine ni ya ofisi, mwambieni fundi wa ofisi kwanza.

Tatu, tuondoe boriti katika jicho letu. Ofisi ya tawi letu yenyewe iliwahi kuwapelekea wanachama tangazo la ukurasa mmoja kama picha nzito ya megabaiti kadhaa, wakati maneno yale yale yangaliweza kwenda kwa kilobaiti chache. Mliolipa bando kulifungua mlilipa kwa uzembe wetu. Twaomba radhi, na tangu sasa matangazo yatakuja kwa maandishi matupu.

Nne, turudie desturi ya wazee. Abagusii walikuwa na risaga: mtu akizidiwa na shamba, jirani walifika na majembe yao, wakalima, na siku nyingine yeye akaenda kwao. Twapendekeza risaga ya mashine. Wanachama wenye ujuzi wakutane Jumamosi moja, na wengine walete mashine zao wenyewe zilizochoka, zisafishwe na kupunguziwa mizigo. Wenye ujuzi wafundishe wakifanya, ili mara ya pili kila mtu ajifanyie.

Twajua wako watakaocheka na kusema kwamba chama sasa chapigania vyuma. Hatupiganii vyuma. Yule mama karani alikuwa karibu kupoteza mkate wa watoto wake kwa sababu ya kijidirisha cha hali ya hewa ambacho hakukiomba, kilichoandikwa na mtu asiyemjua, kikawekwa na mtu asiyemwuliza. Alikuwa akienda nyumbani kila jioni akiamini kwamba yeye ndiye mpumbavu. Twataka kila mfanya kazi aliyewahi kuamini hivyo asome hapa na ajue: mkono wako haukuwa mzito. Mzigo ndio uliokuwa mzito, na haukuwa wako.

Leteni madaftari yenu katika mkutano ujao wa tawi. Katibu atayajumlisha mbele yenu wote, na jumla hiyo ndiyo tutakayoingia nayo kwa matajiri.

Umoja ni nguvu.

Mhariri